Kitambaa cha Kompyuta

Makongeni, Thika
26 Julai 1998

Kwako dada yangu Wangechi, Mama Ndila,

Acha nianze na hilo jina, maana tangu Alhamisi nalirudia jikoni peke yangu kama mtu aliyerogwa. Mama Ndila! Hujambo, dada? Mgongo umeacha kukusumbua? Unakula? Na huyo bibi mdogo ananyonya vizuri, au amechukua uvivu wa baba yake? Mwambie Muthoka nimesema hivyo hivyo, kisha umpe salamu zangu zote, maana shemeji kama yule hapatikani tena. Sisi huku ni wazima. Baridi ya Julai imetubana, jua hatujaliona wiki hii, na Mama magoti yanamuuma kila asubuhi, lakini tangu Alhamisi amesahau kwamba ana magoti.

Ungemwona siku hiyo! Tulikuwa uani tunachambua maharagwe, mara Mwalimu Nafuna, jirani yetu, akaja mbio na kandambili moja mguuni, akisema simu imetoka Voi, ni msichana, na mama mtu ni mzima. Mimi niliruka juu, maharagwe yakaenda yalikotaka. Mama hakuruka. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akamuuliza Nafuna kama mtoto amelia. Nafuna akasema amelia. Mama akauliza tena. Nafuna akamwambia kwamba Muthoka alisogeza simu ya hospitali hadi mlangoni mwa wodi ili mtoto asikike, na kwamba yeye mwenyewe amemsikia kwa masikio yake akilia kama king'ora. Hapo ndipo Mama alipofunika uso kwa leso. Kuhusu jina anasema hana neno, jina la kwanza ni la mama yake Muthoka kama ilivyo desturi, yeye atangojea lake. Anasema usimngojeshe sana.

Sasa keti vizuri, dada, kwa sababu nina mambo ya kukueleza. Kifurushi ulicholetewa pamoja na barua hii kina vitu viwili. Juu ni tasnifu yako, imechapishwa yote, pamoja na disketi zake. Chini kuna kitu nimekifunga kwa gazeti. Hicho usikifungue mpaka umalize kusoma. Najua umeshakifungua. Basi angalau soma haraka.

Ulipopiga simu kwa Nafuna mwezi uliopita ukaniuliza kazi imefika wapi, nilikujibu kwamba imebaki sura ya mwisho tu na kila kitu kinakwenda sawa. Ulikuwa uongo mtupu. Siku ile kompyuta yako ilikuwa imekataa kufunguka kwa muda wa wiki nzima, na mimi nilikuwa nimekonda kwa hofu. Lakini daktari alikuwa amekulaza kitandani tangu Aprili, hutakiwi kuinua hata sufuria, hutakiwi kushtuka. Ningekuambia nini? Mama alisimama karibu nami pale kwenye simu ya Nafuna akinikodolea macho. Kwa hiyo nikasema uongo, na ningeusema tena.

Nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo. Uliponiachia ile laptopu niingize masahihisho ya msimamizi wako, nilijua nimeachiwa nini. Zile daftari zako za shambani zililowa mvua za El Nino, paa la chumba chako cha Juja lilipovuja, zikawa uji wa wino. Na wale akina mama wa Gatongora uliowapimia mboga zao za managu na terere kwa misimu miwili, nusu ya mashamba yao yameshakatwa viwanja. Nilipita huko Mei nikaona mawe ya kujengea pale ulipokuwa ukihesabu majani. Kwa hiyo hakuna kurudi kupima tena. Kazi yako yote ilikuwa ndani ya mashine ile moja, sehemu yake ya disketi imekufa tangu siku uliyoinunua, na chuo kimesema mwisho ni Julai, la sivyo jina lako linafutwa. Nilikuwa nikiibeba kwa mikono miwili hata kutoka mezani hadi kabatini.

Na Mama naye aliipokea kama mgeni. Unaijua nyumba yetu. Viti vina vitambaa, meza ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata ile birika ya wageni ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuinywea chai ina kitambaa. Kwa hiyo sikushangaa Mama aliposema kwamba kitu kizuri hakiachwi uchi kwenye vumbi la Makongeni, akachukua sindano. Nilishangaa kidogo tu kuhusu uzi. Vitambaa vyetu vyote ni vya uzi mweupe wa pamba, vyembamba. Hiki alikifuma kwa uzi wa sweta, wa manjano, laini ajabu, na kikawa kikubwa hata akalazimika kukikunja mara mbili, tatu. Nilimuuliza tangu lini kompyuta zikashonewa sweta. Akanijibu kwamba baridi inakuja na haichagui.

Basi akawa anaifunika bila kuchoka. Nikienda msalani, nikirudi imefunikwa. Nikiwa naandika, nusu ya kitambaa iko chini yake na nusu ameizungusha mgongoni na ubavuni, imebaki mahali pa vidole vyangu tu. Nikikitoa ananung'unika. Nikakiacha, maana Mama ukimkataza jambo la vitambaa siku hiyo mnalala njaa.

Halafu shida ikaanza. Nawasha mashine, inaamka vizuri, inaniuliza neno la siri. Naandika. Inafikiri kidogo, kile kidude cha saa ya mchanga kinazunguka, halafu pu! Giza. Inaanza upya kama hatujawahi kuonana. Neno la siri tena, giza tena. Nilidhani nimekosea herufi, ndiyo sababu nikakupigia ile simu ya kwanza, nikijifanya nimelisahau, ukanitajia neno lako polepole, na Nafuna ameketi pale anasahihisha vitabu. Sukariyangu! Dada, kwa kweli. Sukari yako iko Voi inakula mahamri, na mimi huku naiandika mara mia kwa siku. Mtaa mzima sasa unalijua neno hilo, na aibu ni yako, si yangu.

Nilimpelekea fundi mmoja wa Thika mjini anayeitwa Munyao. Huyo hakuitazama hata dakika mbili. Alisema ni virusi, na dawa ya virusi ni moja, kufuta kila kitu na kuanza upya. Nikamuuliza vipi kuhusu maandishi yaliyomo. Akaniambia mgonjwa akikatwa mguu si anapona? Ngai! Nikamwambia akate wa kwake kwanza tuone. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe, nami nikaichomoa mashine mikononi mwake na waya ukining'inia, nikatoka. Nilipofika nyumbani Mama aliichukua, akaipangusa, akaifunika.

Nafuna ndiye aliyenielekeza kwa fundi mwingine, Zuhair, ana duka lake Ruiru, nyuma ya soko, karibu na wauza nguo. Na kabla hujaanza maneno yako, ana mke, na mke wake Tausi ndiye aliyekuwa akituletea chai. Ni mtu wa polepole hadi anakera. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hagusi ugonjwa kabla ya kuokoa mali. Kwanza tutoe faili zote tuziweke mahali salama, halafu ndipo tuanze kutibu, hata mashine ikifa basi ife peke yake. Nilitamani kumkumbatia, lakini Tausi alikuwepo.

Kwanza alijaribu kuiwasha kwa ile njia ya dharura ambayo kompyuta inaamka na vitu vichache tu. Akaniuliza neno la siri. Duka limejaa watu, mzee mmoja ameleta redio, wasichana wawili wa chuo wanachapisha barua za kazi. Nikamnong'oneza. Hakusikia. Nikamnong'oneza tena. Akaniomba niseme kwa sauti. Wangechi, nililisema kwa sauti, na yule mzee wa redio akaitika.

Haikusaidia, ilizima vile vile. Kwa hiyo akaifungua tumbo, akatoa ile diski ambayo ndani yake kila kitu huhifadhiwa, na kumbe meno yake ni madogo, hayaingiani na kompyuta yake kubwa. Ilibidi aagize kiunganishi Nairobi. Hapo ndipo tulipongojea, dada, na kungojea kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko kila kitu. Mama alikuwa akiniuliza kila jioni kama wamempata. Hakusema kama wameipata. Alisema wamempata, kama mtu. Nilidhani amechoka.

Kiunganishi kilipofika Zuhair aliniita. Akaifunga diski yako kwenye mashine yake, tukatazama kioo. Mwanzoni hakuna kitu. Alizima, akapuliza meno, akafunga tena. Halafu zikatokea, mstari kwa mstari, faili zako zote, sura ya kwanza hadi ya tano, na zile jedwali za Gatongora, na majina ya akina mama wenyewe. Akafungua moja nikaona managu, shamba la mmoja wa wale akina mama, msimu wa mvua ndefu, na hesabu zako. Nilipiga kigelegele kwenye duka la watu. Yule mzee wa redio, sijui kama huwa anaenda kwake, akanipigia makofi. Zuhair akaziweka kwenye mashine yake na kwenye disketi, seti mbili, moja akaniambia niifungie kabatini kabisa. Nililia kidogo nikijifanya ni mafua.

Baada ya hapo ndipo tulipoitazama mashine yenyewe bila hofu. Yeye alidhani ni kumbukumbu yake imeharibika, akairudishia diski, akajaribu kumbukumbu nyingine, ikazima vile vile. Mimi nikamkumbusha jambo nililokuwa nimeliona nyumbani, kwamba asubuhi ilikuwa ikivumilia kidogo zaidi kuliko jioni, na siku moja niliyoiweka mapajani iliniunguza hadi nikairudisha mezani. Akanitazama, akaigusa tumbo, akasema basi ni joto. Inaamka ikiwa na nguvu, inafika kwenye neno la siri, hapo kazi inakuwa nzito, inachemka na kujizima ili isiungue. Akafungua zaidi, hadi kwenye kile kifeni kidogo cha kuipoza. Akachomoa kitu kwa kibanio, akachomoa tena, akaweka mezani kibonge cha manyoya ya manjano cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Akaniuliza kwa heshima kabisa kama nyumbani kwetu tunafuga vifaranga.

Nilicheka mpaka nikainama, halafu nikaacha kucheka. Nilijua ni nini. Ule uzi wa sweta ulikuwa ukitoa nywele zake, feni ikazivuta na kuzisokota mpaka ikashindwa kuzunguka, na juu ya hayo mashine imezibwa kila tundu la kupumulia. Zuhair akaisafisha, akaifunga tena, akaiwasha. Nikaandika sukariyangu. Kidude cha saa kikazunguka, kikazunguka, na kioo chako kikafunguka, picha yako na Muthoka mko kwenye maporomoko ya Fourteen Falls mmelowa nguo. Tulikunywa chai nzima inawaka tu, haikuzima. Zuhair akaniambia isifunikwe tena ikiwa inawaka, wala isiwekwe juu ya kitu laini, na nikitaka kuifunika ikiwa imelala basi nitumie kitambaa chembamba cha pamba.

Nilirudi Makongeni nikiwa na furaha na hasira pamoja, unanijua. Nilimkuta Mama anamenya viazi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, kwamba kazi ya Wangechi imepona, yote, hakuna hata herufi iliyopotea, na kwamba aliyetaka kuiua ni yeye Mama na sweta lake. Nilisema kwa mzaha, nikitegemea atanijibu kwa makali. Dada, Mama aliweka kisu chini. Akakitazama kile kitambaa kwenye kabati, akaanza kulia. Si kulia kwa machozi mawili, kulia kwenyewe. Akasema ni mikono yake. Mikono yangu tena.

Sikuelewa. Nilimshika bega, nikamwambia mashine ni nzima, hata haikuhitaji kipande kipya. Akatikisa kichwa. Akaenda akakichukua kitambaa, akakikunjua kitandani kwake. Wangechi, mimi nilikuwa sijawahi kukiona kimekunjuliwa chote. Kilikuwa na mawimbi madogo pembeni pande tatu, na katikati maua ya tundu tundu, na kwenye kona moja, pale palipokuwa pamekunjwa ndani siku zote, kofia ndogo. Haikuwa kubwa kuliko chungwa.

Hapa sitaki kukugusa panapouma, lakini siwezi kuruka. Unakumbuka mwaka wa tisini na sita, mimba yako ile ya kwanza, Mama alivyofuma mapema nguo zote nyeupe, akazitandaza kitandani, akawaita wanawake wa kanisa waje wazione. Halafu mtoto hakukaa. Wewe ulilia Voi na sisi tulilia hapa, lakini kuna jambo hukulijua, na mimi sikulijua. Kuna mmoja katika wale wanawake aliyemwambia kwamba mtoto hafumiwi kabla hajaja, kwamba mikono yake ndiyo iliyoharakisha mambo. Mama akazifunga nguo zile akazipeleka kwa mayatima, na tangu siku hiyo aliamini kwamba ni yeye. Miaka miwili, dada! Anatupikia, anacheka, anaenda kanisani, na moyoni anaamini kwamba ni yeye.

Ulipopata mimba tena aliapa kwamba hatashika sindano mpaka asikie mtoto amelia. Lakini alisema mikono ilimkataa. Wewe uko mbali, umelazwa, yeye hawezi kukupikia uji wala kukukanda mgongo, na kila usiku mikono inatafuta kazi. Ndipo laptopu yako ikaletwa. Akajiambia kwamba akifuma kitambaa cha kompyuta hafumi kitu cha mtoto. Akiulizwa na mtu, ni cha kompyuta. Akiulizwa na kitu kingine chochote kinachosikiliza, ni cha kompyuta. Upande mmoja akauacha bila kuumaliza makusudi, ili isiwe shali kamili. Na kwa sababu mashine ni yako na kazi iliyomo ni yako, alikuwa akiifunika yenyewe kila saa maana wewe hakuweza kukufunika. Kisha ikaanza kuzima kila inapoamka, na yeye akasoma humo mambo ambayo mimi sikuyaona kabisa.

Nilimwambia kwamba nywele za sweta kwenye feni ni nywele za sweta kwenye feni, na kwamba yule mwanamke wa kanisa nitamtafuta. Akaniomba nisimtafute mtu, na nisikuambie wewe mpaka mtoto alie. Nikamwahidi. Na hapo nami, niliyemcheka, nikaanza kuogopa kidogo kila nilipopita kwenye lile kabati. Nilimaliza masahihisho yako, nikaenda kuyachapisha Juja, nikayapeleka mimi mwenyewe mkononi hadi ofisini kwa msimamizi wako. Alifungua ukurasa wa jedwali, akatabasamu, akasema umefanya kazi ya kweli. Nakala iko mikononi mwao, Wangechi, kabla ya mwisho wa Julai. Jina lako halifutwi. Lala usingizi.

Alhamisi, Nafuna alipokwisha kuondoka na kandambili yake moja, Mama aliosha uso, akatoa kiti nje, mbele ya nyumba, pale ambapo kila anayepita Makongeni anakuona. Akachukua sindano zake na kile kitu cha manjano akakaa kumalizia upande wa nne. Watu walipita wakauliza anafuma nini, naye akawajibu wote. Alipomaliza alikiosha mara mbili kwa maji ya vuguvugu ili kiache kutoa nywele, mimi mwenyewe nimekikung'uta. Ndicho hicho kwenye gazeti.

Msalimie Muthoka tena, umbusu Ndila kila upande wa shavu kwa ajili yangu, na usiinue sufuria bado. Nafuna anakusalimu, Zuhair na Tausi wanakupa hongera, na yule mzee wa redio pia, aliponiona juzi aliniuliza kama sukari imejifungua salama. Nitakuja Voi mara nikipata ruhusa kazini, na Mama atakuja nami, hilo hata huwezi kumzuia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mumbi

N.B. Mama ameketi hapa anasoma juu ya bega langu. Anasema barua imekuwa ndefu na bado sijaandika la maana. Anataka niandike kwa herufi kubwa, kila mtu asome: HIKI SI KITAMBAA CHA KOMPYUTA. HII NI SHALI YA MTOTO.